Lahore Hailalamiki

Gemu ilikuwa inameza kitufe. Unabonyeza kuzuia, ngumi ya mwenzako inakuja, na mtu wako anasimama mikono chini kama amesahau yuko wapi. Si kila mara. Ingekuwa kila mara tungejua. Ilitokea mara chache, kwenye pigo la kuamua, na sikuzote ilionekana ni kosa lako.

Karachi walipiga kelele. Faisalabad nao. Waliandika mtandaoni kwamba kampuni imemalizia nguvu zake kwenye mabango na waimbaji, na gemu yenyewe, Panja ya Tano, imetoka mbichi. Kweli, kila wiki kulikuwa na kilemba kipya cha kumvisha mtu wako, mara cha dhahabu, mara chenye manyoya ya tausi. Mapigano yalibaki vilevile.

Sisi wa ukumbi wa Ustad Ghafoor, pale Mozang, Lahore, tuliwacheka.

"Watu wa Karachi wana vidole vya halua," Ustad alisema. "Wakishindwa, mashine. Wakioa vibaya, mashine."

Ukumbi ule una sheria moja tangu enzi za mashine za kutumbukiza sarafu. Ukilaumu mashine, unawanunulia lasi, yale maziwa ya mgando, wote waliomo, kisha unakaa umetazama ukuta mpaka kufungwa. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, shule niliacha darasa la sita, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukaa ukutani. Tulijivunia hilo kuliko vikombe.

Bora wetu alikuwa mpwa wangu Tabish, fundi simu wa Hall Road. Kampuni ilimchagua acheze kwenye onyesho kubwa la uwanjani. Wakampiga picha, wakaitundika barabara ya Ferozepur, ghorofa nne kwenda juu, kidole gumba cha kulia kimenyooshwa mbele, kikubwa kama pikipiki. Chini wakaandika: LAHORE HAILALAMIKI.

Watu walipita wakipiga honi kwa furaha. Mimi nilisimama chini ya lile bango na sikulipenda, na nisingeweza kukwambia kwa nini.

Wiki hiyohiyo Tabish akaanza kushindwa. Kwanza na wazuri, kisha na Munna muuza sambusa.

"Bango limenipigia magoti!" Munna alipiga kelele, anacheza juu ya kiti. "Njooni mbusu mkono wangu, una mafuta lakini unazuia!"

Tabish alicheka naye. Kwa dada yangu, kwenye chakula, nikamwona anabonyezabonyeza goti lake chini ya meza, roti imepoa mbele yake.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Kidole kinachelewa, mjomba. Nakituma, hakifiki."

"Umechoka tu."

"Sijachoka. Kinakufa." Alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. "Kuna bwana mmoja kule Ichhra anachoma sindano za mishipa, nyuma ya duka la dawa. Keshanichoma moja."

Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu mpaka kiganjani. Alisema ni joto la dawa, ndiyo kufanya kazi kwenyewe. Siku chache baadaye akachoma ya pili. Akaanza kuuficha mkono mfukoni.

Kisha akaja Khizar, kijana wa kampuni, ananukia manukato, kuwapiga picha mashabiki ukumbini. Nilimvuta nje.

"Ahirisheni onyesho," nikamwambia. "Kidole cha kijana kina ugonjwa."

"Kidole chake kizima, mzee wangu. Ni gemu. Tunajua tangu kabla haijatoka."

"Na hamtengenezi?"

"Mafundi wote wako kwenye mavazi ya Idi. Mavazi yanauzika. Nani atanunua kitufe cha kuzuia?" Alifuta miwani yake taratibu. "Na nyinyi hamkusema kitu. Makao makuu waliuliza, nikawaambia Lahore wako kimya, na kule ndiko wanakojua kucheza. Basi wakaliweka kando. Ila usimwambie kabla ya onyesho, ataingia na woga."

Niliingia ndani moja kwa moja, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtaani: "Mashine ndiyo mbovu. Inameza kitufe. Tabish, kidole chako hakina kitu!"

Nilimwona mmoja anatazama vidole vyake, mwingine anatazama chini. Walijua. Kila mmoja alikuwa na pigo lake lililomezwa, na kila mmoja alikuwa amelifunika.

"Riffat," Ustad akaniambia. "Lasi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Mjomba kahamia Karachi!" Munna akapiga kelele. "Mpeni halua!"

Tabish hakucheka. Alinisogelea, mkono mfukoni. "Usinitetee mbele za watu, mjomba."

"Sikutetei. Huyu kasema mwenyewe!"

Khizar alikuwa mlangoni, simu mkononi, bado anapiga picha. "Mimi?" akasema. "Mimi nimesema gemu iko safi."

Tabish alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mzee aliyeanza kupotea njia ya nyumbani. Kisha akatoka. Nikasikia pikipiki yake ikiwaka na kuelekea Ichhra.

"Ukutani kwanza," Ustad akaniambia, kaziba mlango.

"Sikai."

"Basi usirudi."

Nilimsukuma nikapita. Nilipofika nyuma ya lile duka la dawa, bwana wa sindano alikuwa anafuta bomba kwa kitambaa cha mezani.

"Ya tatu," Tabish akasema, anatabasamu, jasho linamtiririka. "Nakisikia sasa, mjomba. Kinaungua."

Onyeshoni alicheza na mkono uliovimba kama mkate. Pigo la mwisho alibonyeza. Nilimwona akibonyeza. Mtu wake alisimama mikono chini, na uwanja mzima ukamzomea.

Marekebisho ya kitufe yalitoka baada ya Idi. Yaliingia kwenye gemu kwa muda wa chai yangu kuchemka tu.

Tabish alikwisha kupoteza haya: kidole gumba cha kulia, kimeoza kwa sindano, kimekatwa mpaka shinani. Meza yake ya Hall Road, maana skrubu za simu haziokoteki kwa vidole vinne. Uchumba wake na binti wa Samanabad; wazazi walirudisha pete na kitambaa.