Mlango kwa Jirani

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, na maneno meupe machache yalisema hakuna mfumo wa kuwasha. Niliyasoma na kuyarudia, kama mtu asomaye tangazo lisilomhusu. Kaka yangu alikuwa azikwe saa nane mchana, na wasifu wake, ambao ukoo mzima ulijua nimeshaumaliza, ulikuwa humo ndani.

Ukoo ulijua hivyo kwa sababu niliwaambia mimi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeandika mstari mmoja. Siku tatu niliukodolea macho, neno la pili lisije, wala chozi. Jana, badala ya kuandika, niliondoa mfumo wa zamani wa kompyuta nikaweka mwingine, Linux, bila kugusa mafaili, kazi ambayo ingeweza kungoja mwaka mzima.

Saa tatu asubuhi aliingia binti wa kaka, fundi wa kompyuta, macho yamemvimba.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Jana iliwaka vizuri. Leo imegoma."

"Si wewe unayesema mafundi wa siku hizi hatusomi maelekezo?"

"Mimi nimeyasoma. Mara mbili."

Aliinama, akachungulia ubavuni mwa mashine. "Flashi uliyotumia kuweka mfumo iko wapi?"

"Mama yako mdogo ameondoka nayo mapema. Amekwenda kuchapisha picha ya marehemu."

Alicheka, kicheko kifupi, cha kwanza wiki ile. "Baba mdogo, umejenga nyumba, mlango ukautia kwa jirani! Kianzishi, ile programu ndogo inayoamsha mfumo, umekiweka kwenye flashi. Kwenye diski hakipo."

"Na wasifu?"

"Mzima. Unangoja mlango tu."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyefarijika. Wasifu ungepotea, ningepata udhuru wa heshima.

Alichomeka flashi yake, akaiamsha mashine kwa hiyo, akaingia kwenye diski yangu na kuanza kuandika amri. Siku nyingine ningeuliza maana ya kila amri na kuinakili daftarini. Mzee wa shule ya jioni haachi somo likapita bure. Leo nilitazama vidole vyake tu. Virefu, kucha bapa. Vya baba yake. Nilingoja kitu kiniume ndani. Hakikuuma. Ganzi tupu.

Alichomoa flashi, akaizima mashine, akaiwasha tena. Ikawaka. Kabla sijamzuia, alikwisha kulifungua faili.

*Marehemu alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili.*

Chini yake, weupe mtupu. Alishuka hadi mwisho wa ukurasa, akapanda, akashuka tena.

"Kurasa nyingine ziko wapi?"

"Hakuna."

Hakunitazama. Aliivuta kibodi karibu yake.

"Sema, mimi nitachapa. Tuna saa nne."

Nilikaa.

"Nilipokuwa nasoma shule ya jioni," nilisema, "alikuwa akinipeleka kwa baiskeli. Akiningoja nje mpaka kengele ya mwisho. Miaka mitatu."

Alichapa, kisha vidole vikasita.

"Kila jioni, muda wote huo. Pale nje alikuwa akifanya nini?"

Miaka arobaini na sita nimejisifia elimu ile mbele ya kila mgeni aliyekanyaga nyumba hii.

"Sikuwahi kumuuliza."

Feni ya mashine ilivuma taratibu. Vidole vile virefu vilikuwa bado juu ya herufi.

"Niandike hivyo?"