Goti la Mama Upepo

Tangu msusi yule anunue skuta ya umeme, mtaa mzima ulimwita Mama Upepo. Alisimama juu yake wima kama mlingoti, mkoba wa vitana begani, akienda kusuka wateja majumbani mwao. Alikuwa na miaka sitini na ushei, na haya hakuona.

Asubuhi moja muuza mikate alichomoka uchochoroni na baiskeli yake, wakavaana. Mikate ikatapakaa njiani. Muuza mikate aliteguka bega. Mama Upepo alivunjika goti. Hospitali wakampasua, wakamshona, wakamrudisha nyumbani na magongo, na agizo la kwenda kliniki kila wiki kwa mazoezi.

Mwanawe wa kwanza, fundi bomba aliyezoea kuamrisha, aliyamaliza mambo peke yake. Skuta aliifungia stoo kwake. Kliniki nayo aliifuta: kidonda kimefunga, mama apumzike kama watu wazima wenzake. Mkwe akawa anamletea uji kitandani. Mama Upepo aliunywa, maana njaa haina kiburi, lakini alihisi goti likikakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani.

Wiki iliyofuata alivaa gauni lake la kutokea, akashika magongo, akaenda mwenyewe.

Mtaalamu wa mazoezi, binti mpole wa sura lakini si wa mikono, alimuuliza anataka goti lije kufanya nini. Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akajibu kwamba anataka kusimama kutwa akisuka, na kupanda skuta yake. Binti hakucheka. Alimlaza, akaanza kulikunja goti, na Mama Upepo akaona nyota mchana kweupe.

Kitanda cha pili alikuwepo muuza mikate, akivuta kamba ya mpira kwa mkono mbovu. Mwanzoni walinuniana, kila mmoja akimtupia mwenzake kosa. Kisha wakaanza kushindana. Jamaa akigumia kwa maumivu, Mama Upepo humwambia kuwa hata mikate yake ilikuwa migumu kuliko yeye.

Habari zilimfikia mwana. Alikuja kliniki na nguo za kazi, akamtaka binti amwachie mama yake, anamtesa bure. Mama Upepo aliinuka akaketi, jasho likimtiririka.

"Mguu ni wangu, baba," alisema taratibu. "Wewe ulijifunza kutembea umeung'ang'ania huu huu. Ulianguka mara ngapi? Sikukufungia ndani."

Muuza mikate alikohoa kuficha kicheko. Mwana akamgeukia binti, akamuuliza kama kweli mama atapanda skuta tena.

Binti hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Goti halitakunjika lote kama zamani, alisema, lakini likimudu kubeba uzito bila kuyumba, na kichwani akivaa kofia ngumu, yeye hana sababu ya kumkataza.

Ilichukua miezi, na machozi ambayo Mama Upepo aliyaita jasho. Kofia alinunuliwa na mwanawe, nyekundu ya kuonekana mbali, na skuta ikatolewa stoo. Goti bado humgomea nyakati za baridi, na ngazi huzipanda mguu mmoja mmoja.

Majirani humwambia sasa umepona, acha ukaidi wa skuta. Huwajibu kwamba dozi yake haijaisha, kisha huwasha skuta akaenda zake.