Watu wa Maji

Ekiru alikaa benchi la nyuma katika chumba kando ya kanisa, mikono kaikalia ili isionekane ikitetemeka, akasikiliza watu wakigombana juu ya maji. Alidhani amefika.

Kosa halikuwa lake peke yake. Regina, mshauri wa zahanati, ndiye aliyemwelekeza. "Nenda Chechelesi, Jumamosi mchana," alimwambia. "Uliza watu wa maji. Usiulize kikundi cha walevi, hakuna atakayekuonyesha. Walijiita hivyo ili mtu aje bila kuchekwa." Jina la heshima, lenye kusitiri. Ila Regina alikuwa mgeni, amehamishiwa Isiolo juzijuzi, na hakufikiria kwamba katika mji ambao mifereji yake hukohoa tu, ukiulizia watu wa maji utaelekezwa moja kwa moja kwenye kamati ya kisima.

"Salaam aleikum, karibu," mwenyekiti, Mzee Yattani, alikuwa amemwambia mlangoni.

"Habari zenu," Ekiru alijibu, akajipenyeza ndani kama mtu aliyechelewa mazishini.

Hakuwa na pengine pa kwenda. Mkewe, Velma, alikuwa amerudi kwao Leparua na binti yao Natabo, tangu ile siku ya mnada ambapo Ekiru alimwacha mtoto kando ya zizi la mbuzi, akasema anarudi sasa hivi, akapitiliza kilabuni. Natabo alipatikana jioni kwa muuza chai, amelala, uso umejaa vumbi na machozi yaliyokauka. Baba mkwe alipopiga simu hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Ekiru zaidi. "Usilete mbuzi," mzee alisema. "Usilete pole. Lete mtu mmoja wa kusimama na wewe, aseme anakujua na umeacha." Ekiru alipekua kichwa chake chote akitafuta mtu wa namna hiyo. Marafiki aliokuwa nao wote walikuwa wa kilabuni.

Basi akasikiliza kwa makini, maji akiyachukulia kuwa fumbo la pombe.

"Sisi tumevumilia sana," mama mmoja alilalamika. "Lakini kuna wengine wanaamka usiku wanachukua kidogo kidogo, na asubuhi wanakataa."

Ekiru akainamisha kichwa. Mtu wa namna hiyo alikuwa yeye mwenyewe.

"Na yakikosekana siku mbili tu," mwingine akadakia, "watu wanakuwa wakali huko nyumbani."

"Kweli kabisa," Ekiru akasema kwa sauti, na kamati nzima ikageuka kumtazama kwa heshima. Hawa walikuwa watu wake. Upande wa pili wa ukuta, nyuma ya kanisa, kulikuwa na wimbo wa taratibu, na Mzee Yattani akaomba dirisha lifungwe ili watu wasikilizane.

"Haya, mgeni," mwenyekiti akasema mwishowe. "Na wewe uko na shida gani?"

Ekiru akasimama. "Naitwa Ekiru. Nimekuwa nikinywa tangu mama yangu afe. Nilisahau mtoto wangu sokoni. Nimejaribu kuacha peke yangu, imenishinda. Nisaidieni."

Mtu akacheka puani, mwenzake akashindwa kujizuia, na kicheko kikazunguka chumba kizima. Mzee Yattani alipiga meza wakanyamaza.

"Ndugu yangu, hii ni kamati ya kisima," alisema kwa upole. "Pampu ndiyo imeharibika. Hao unatafuta walikuwa hapo nyuma ya kanisa. Sasa sisikii wimbo. Nafikiri wametoka."

Ekiru alizunguka kanisa mbio. Alikuta kufuli mlangoni. Akampigia Regina, simu ilikuwa imezimwa. Mkutano mwingine ni hadi Jumamosi ijayo, na yeye hakujua atafikaje jioni. Aliona aibu, kisha kiu, na kiu ikawa kubwa kuliko aibu.

Nyuma yake ikasikika sauti kavu. "Kijana, nishikie hii."

Alikuwa Tiya, bibi wa Kiborana aliyekuwa ameketi mbele kwenye mkutano, na miguuni pake mtungi wa plastiki wa manjano, hauna kifuniko, umejaa maji ya kununua.

"Mama, mikono yangu…"

"Nimeona. Hata yangu inatetemeka. Beba."

Akabeba. Maji yalimwagikia suruali kila hatua.

"Mama," alisema baada ya muda, "unaweza kuja Leparua useme unanijua?"

"Sikujui."

"Na dawa ya hii kitu?"

"Mimi pombe sijui. Dini yetu imekataza. Angalia njia, unamwaga."

Njia ilipita mbele ya kilabu cha Lochoro, na Lochoro mwenyewe alikuwa mlangoni. "Ekiru! Umepotea! Ingia!"

Moyo wake ulikwenda. Mwili nao ulitaka kuufuata, lakini mtungi ulikuwa mkononi. "Nimebeba maji ya mama," alisema.

Lochoro alimtazama bibi, akaona haya, akasogea. Hakuna mtu Isiolo, hata awe nani, anayesimamisha maji ya mama mzee.

Walipofika kwa bibi, Ekiru aliutua mtungi. Tiya alipima kwa jicho kilichobaki, akaguna, akasema asante, akafunga mlango wa mabati.

Ekiru akageuka. Njia ilikuwa ile ile. Kutoka pale alisikia redio ya Lochoro, na watu wakicheka kwa sauti alizozijua moja moja. Aliitazama mikono yake. Haikuwa na kitu cha kushika.

Akarudi, akagonga bati.

"Nini tena?"

"Mama," alisema, "nipe hata mtungi mtupu."