Risaga Bila Pombe

Drusilla alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, akipuliza kuni mbichi huku machozi yakimtiririka kwa moshi, aliposikia wimbo wa palizi kutoka shambani. Aliacha chungu cha uji akatoka mbio. Shamba lake lote la wimbi, tangu juu mpaka karibu na mto, lilikuwa limejaa migongo iliyoinama: majirani wa upande ule wa kilima, wanaume kwa wanawake, vijembe vikipanda na kushuka.

Moyo ulimpasuka kwa furaha, kisha ukaingiwa na hofu. Watu hao alikuwa amewaomba mlango kwa mlango, na kila mlango ukamjibu kwa swali lile lile: "Amarwa yapo?" Ndivyo risaga ilivyokuwa Gusii tangu enzi za mababu. Ukizidiwa na shamba, unawaita majirani. Wanakulimia bure, nawe jua likifika utosini unawatolea mtungi wa amarwa, pombe ya wimbi. Asiyepika pombe hulima peke yake. Na magugu yalikuwa yamelifikia wimbi shingoni. Kama si leo, basi, watoto wangelala njaa mwaka mzima.

Lakini angepikaje? Haikuwa kwa sababu ya Usabato wake, uliokataza pombe, peke yake. Ilikuwa kwa sababu ya mumewe, Ongeri, aliyekuwa akiota jua ukutani na blanketi mabegani, tumbo limefura kama ngoma, weupe wa macho umekuwa manjano. Kiwanda cha chai kilikwisha kumfukuza. Tabibu wa zahanati naye alimwambia mbele ya mkewe: "Ini limekwisha, mzee. Ukionja tena, mama huyu atakuzika." Tangu siku ile Drusilla hakuruhusu hata kibuyu cha togwa kuingia nyumbani.

"Nani amewaita hawa?" alimuuliza mumewe.

"Mimi."

"Ukawaambia kuna pombe."

Ongeri alitazama miguu yake iliyovimba. "Wimbi linakufa, Mama Nyamoita."

"Na wewe je?"

"Mimi nilishakufa. Mnangoja kuchimba tu."

Alisema hivyo akitabasamu, na Drusilla hakujua kama amewaita watu kwa ajili ya wimbi au kwa ajili ya kikombe. Pengine mwenyewe hakujua.

Alishuka shambani mbio, akasimama mbele yao. "Ndugu zangu, msidanganyike. Hapa hakuna pombe. Kuna uji, chai na viazi. Anayetaka kuondoka, aondoke sasa kabla hajachoka."

Kicheko kililipuka. Machogu, jirani mrefu asiyekosa neno, aliinua kijembe juu. "Mmesikia? Wasabato bwana! Mzee wa kanisa yuko karibu nini?"

"Machogu, nasema kweli."

"Nimekuelewa, mama. Hakuna kabisa!" Akawakonyeza wenzake. "Wala sitaenda kuangalia kule migombani!"

Walikosea, lakini dhana hiyo hawakuitoa hewani. Wangapi walioimba kanisani Jumamosi walikuwa wamefukia mitungi chini ya majani ya migomba? Kadiri Drusilla alivyokana, ndivyo walivyozidi kuamini, na ndivyo walivyozidi kulima. Alirudi jikoni kwa hasira. Ukweli wake wenyewe ulikuwa umegeuzwa kuwa tangazo la pombe.

Adhuhuri aliwatolea uji, chai, viazi vitamu na kunde. Machogu alikwenda moja kwa moja migombani, akapekua majani, akarudi mikono mitupu na uso umemshuka.

"Uji!" alisema. "Mimi niliachishwa ziwa mwaka gani?"

"Nilikwambia."

"Ulituambia kama mtu anayeficha!"

Wanaume walianza kung'aka. Wanawake walikunywa uji wao, na katikati yao alikuwa Jemimah, mjane. Krismasi iliyopita mumewe alitoka kwa Persis, muuza changaa, pombe kali ya magendo, akiwa haoni, akipapasa ukuta, akiuliza kwa nini mchana umekuwa giza. Alizikwa kabla ya mwaka mpya. Nyumba ya Persis haikupekuliwa siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Kelele zilikuwa zimepanda aliposhuka njiani Okemwa, naibu wa chifu, kwenye kifua cha koti lake beji ya sherehe za miaka kumi ya Uhuru. Nyuma yake walikuwa Jethro, kijana askari kanga wa utawala, na Persis mwenyewe, debe kichwani.

"Risaga katika eneo langu," alisema Okemwa, "na hakuna aliyekuja kuomba kibali cha pombe."

"Hakuna pombe, bwana chifu," alijibu Drusilla.

"Risaga bila pombe? Mimi ni mtoto?" Aliinamia vyungu, akavinusa kimoja kimoja, na kila alipoinuka uso ulikuwa umezidi kukunjamana. Hakukasirika kwamba sheria imevunjwa. Alikasirika kwamba haikuvunjwa. "Unawatumikisha wazee hawa kama punda. Lakini mimi ni mzazi, siwezi kuona aibu hii. Persis, tua mzigo. Mama huyu atakulipa wimbi akivuna."

"Mimi sijaagiza!"

"Nyamaza, mama. Wanaume wanazungumza."

Persis alitua debe. Harufu kali ilipanda, na Jemimah akajifunika pua kwa leso. Persis alijaza kikombe cha bati, Okemwa akakipokea, akampelekea Ongeri pale ukutani kwa heshima zote. Mwenye mji ndiye huonja kwanza, ili wageni wajue kwamba kinywaji hakina sumu.

"Omogaka, mzee wa mji, fungua," alisema.

Mkono wa Ongeri ulitoka chini ya blanketi. Ulikuwa umekonda kama ufito, nao ulinyooka moja kwa moja kuelekea kikombe. Watu wote walijua alichoambiwa zahanati. Walikitazama kikombe tu.

Drusilla alikipiga kikombe kikaruka. Kisha akaligeukia debe, akalipindua kwa mguu, na changaa ikamrukia gauni, ikamwagika uani, ikaingia udongoni.

Machogu aliguna kama mtu aliyefiwa. Ongeri aliteleza kutoka kwenye kigoda, akaweka kiganja kwenye tope, akakipeleka mdomoni. Drusilla alimwahi. Alimshika kifundo cha mkono, akakifuta kiganja kwa gauni lake, kidole kimoja baada ya kingine, huku mumewe akilia bila sauti.

"Jethro," aliita Okemwa. "Mfunge mwanamke huyu."

"Kwa kosa gani, bwana mkubwa?"

"Changaa. Imekutwa uani kwake, gauni lenyewe linanuka. Hawa wote ni mashahidi." Aliwageukia watu, akapanua kifua, na pumzi yake ikawafikia walio mbele: alikuwa ameonja mahali pengine tangu asubuhi. "Wananchi, pombe hii inawamaliza! Serikali imechoka kuzika!"

Persis aliokota debe lake tupu akaenda zake. Hakuna aliyemzuia.

Jethro alifunga kamba kwa ulegevu, macho chini. Drusilla hakuitazama. Alikuwa akimtazama Ongeri, kisha njia ile aliyopita Persis. Nani angekaa naye? Nani angemlinda jioni?

Jemimah aliuona mtazamo huo. Aliweka kibuyu cha uji chini. "Shikeni upande huo," aliwaambia wenzake. Wanawake wawili walimwinua Ongeri kwa makwapa, wakamshusha taratibu mpaka katikati ya wimbi, wakamketisha pale ambapo wote wangemwona. Kisha wakachukua vijembe.

"Nyinyi!" alifoka Okemwa. "Risaga imekwisha. Tawanyikeni! Huo ni mkutano bila kibali!"

"Tumekunywa uji wa mtu, bwana chifu, na shamba liko nusu," alisema Jemimah, akainama kwenye mstari wake. "Ukiona ni kosa, katafute kamba zaidi."