Vitufe Vinane vya Mzee Waithaka

Kavutha Musembi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakutaka kutibiwa: hakuweza kuona kitu kilichofungwa asikifungue. Utotoni alifungua redio ya shangazi yake akala viboko. Ukubwani akaugeuza ugonjwa huo kuwa kazi, na sasa ndiye fundi wa umeme wa magari anayetajwa kutoka Mountain View hadi Kangemi, hata na wale wanaume waliomcheka siku alipofungua kibanda chake. Kwa hiyo hakuna haja ya kushangaa kwamba Alhamisi ile asubuhi, kabla hajatoka hata mlangoni mwa duka la vipuri la Mwangangi pale Kirinyaga Road, alikuwa ameshachana karatasi ya boksi.

"Madam, si hiyo ni ya customer?" Mwangangi akamuuliza.

"Customer atapata yake. Mimi nataka kujua hii kitu inaongea aje bila waya."

Ndani mlikuwa na kisanduku cheusi kinachotosha kiganjani, furushi la nyaya, na kibao chembamba chenye vitufe vinane ambacho hakikuunganishwa na chochote. Kisanduku kinafungwa karibu na betri, na kila kitu cha ziada garini, taa za juu, honi, friji, pampu ya upepo, kinaunganishwa nacho. Kibao unabaki nacho mkononi. Ukibonyeza, kisanduku kinasikia na kutii. Kavutha alikuwa amefunga ving'ora na vifaa vya kufuatilia magari hadi amechoka navyo, lakini hiki kilikuwa kigeni kwake. Waiyaki Way nzima alikipakata ndani ya matatu akisoma maelezo yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kama punje za wimbi, na nusura apitwe na kituo chake.

Mteja mwenyewe alikuwa Nyakio, mwalimu mstaafu wa Spring Valley, ambaye majirani humwita Mama Shiru. Alimpokea Kavutha getini, akamvuta kando kabla hawajalifikia gari, akamweleza mambo kwa sauti ya chini.

Mumewe, Mzee Waithaka, alikuwa mhandisi wa barabara. Miezi minane iliyopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ulirudi kiasi cha kutembelea mkongojo, lakini mkono haukurudi. Maneno nayo yalirudi yakiwa yamevunjikavunjika, na kwa kuwa mzee alikuwa mtu wa maringo yake, akaona heri anyamaze kabisa. Tangu siku hiyo hakuwa amelikaribia Land Cruiser lake. Sasa Jumamosi, yaani kesho kutwa, wakwe walikuwa wanakuja kwa ruracio, sherehe ya mahari ya binti yao Shiru, nyumbani kijijini Kangema, na mzee alikuwa amekataa kwenda. Aliandika kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto, kwa hati mbaya kama ya mtoto wa chekechea: Jamleck akae mahali pangu.

"Jamleck ni ndugu yake mdogo," Nyakio alisema. "Mtu mzuri. Lakini Shiru amesema kama si baba yake, hao wageni wapigiwe simu wabaki kwao. Na ninavyomjua huyo msichana, atawapigia kweli."

"Na gari inaingia wapi, Mum?"

"Ameendesha hiyo gari miaka thelathini. Kila swichi aliweka na mikono yake, zote upande wa dereva. Anaona akikaa huku kwingine atakuwa amebebwa tu kama gunia la viazi. Nikafikiria akiwa na swichi zake mkononi, mkono ule mzima..." Akatazama pembeni. "Sijui, Kavutha. Pengine ninajidanganya. Lakini nimejaribu kila kitu kingine."

Mzee alikuwa ameketi barazani, blanketi magotini, kiti kimeelekezwa kwenye ua wa miti kana kwamba gari halipo. Kavutha alimsalimia. Mzee akainua kidole kimoja, basi.

Kavutha akafungua boneti, kisha dashibodi, na mara akasahau shida za watu. Hakuwa amewahi kuona nyaya kama zile. Mafundi wengi wa mjini hutumia waya wa rangi yoyote uliopo, na anayekuja nyuma yao hubaki kukisia. Hapa kila waya ulifungwa kipande cha plasta ya kidonda, na juu yake kwa wino kumeandikwa herufi na namba: T1, T2, F4, K3. Alifuata T hadi kwenye taa. F ilimpeleka kwenye friji. K3 ikapita chini ya zulia ikapotelea nyuma, na hapo Kavutha akaanza kuwashwa.

"Mzee, hii K3 ni ya nini?" akauliza kwa sauti.

Mzee aliendelea kutazama miti.

Kavutha alikasirika, na ninamwelewa. Majibu yote ya gari lile yalikuwa hatua kumi kutoka aliposimama, ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo hataki kutoa hata moja. Akainama akaendelea na kazi, lakini sasa akawa anajisemea kwa sauti kila anachofanya, nusu kwa hasira, nusu kwa ujanja. Sasa natoa swichi ya kwanza. Sasa napima betri. Hii bracket ya chuma nani aliikata, imekaa poa sana. K3 naona imeenda kwa pampu ya upepo, haya, kumbe K ni kompresa.

Alipoinua kichwa kuchukua koleo, kiti cha mzee kilikuwa kimegeukia upande wa gari. Alipoinua kichwa tena, mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza. Mara ya tatu alikuwa amesimama kwenye kokoto, mkongojo mkononi, anatazama mawingu kama mtu aliyetoka kuangalia kama mvua itanyesha.

Dirishani mwa jikoni Nyakio alikuwa akitikisa mikono yote miwili: usimwangalie, usimwangalie! Kavutha akazamisha kichwa chini ya boneti akijizuia kucheka.

Kufikia saa sita kila kitu kilikuwa kimefungwa. Kisanduku kilikaa kando ya betri, nyaya zimelala kwa mpangilio wa mwenye gari, herufi kwa herufi. Nyakio akatoka na sinia ya chai. Kavutha akafuta mikono, akashika kibao, akabonyeza kitufe cha kwanza.

Kijitaa cha kijani kikawaka kwenye kisanduku, lakini taa za juu hazikuwaka. Akabonyeza cha pili. Kijitaa tena, na gari kimya. Akabonyeza vyote vinane, kimoja kimoja, kisha akavirudia kana kwamba vitaona aibu. Akakagua fyuzi. Akakaza kila mahali palipokazwa. Akachukua maelezo akayasoma upya, akatoa neno moja la Kikamba ambalo mama yake asingependa kulisikia.

"Haiwezekani," alisema. "Inasikia. Naona inasikia. Mbona haifanyi?"

Nyakio alikuwa ameshika sinia na uso wake umeanza kushuka. Leo ikipita, kesho ni siku ya kupanga vyombo na kusafirisha masufuria, na Jumamosi imefika. Kavutha alijiona mwizi aliyemwibia mama wa watu tumaini lake la mwisho.

Hapo mkongojo ukapita juu ya bega lake. Ncha yake ya mpira ikagonga bolti moja pembeni ya betri, pale alipokaza waya wa hasi. Ikagonga tena.

"Ra," mzee alisema.

Mdomo wa mzee ulipinda, shingo ikasimama mishipa, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Hakuacha.

"Ra-ngi."



Kavutha akatazama bolti. Rangi! Gari lilikuwa limepigwa rangi upya, hata ndani ya boneti, na yeye alikaza waya juu ya rangi bila kuikwangua. Umeme ulipenya kidogo tu kwenye nyuzi za bolti, wa kutosha kijitaa cha kijani, usioweza kubeba taa kubwa. Ni kosa ambalo amewachekea wengine mara nyingi mno, na sasa lilikuwa limemkalia yeye mbele ya watu. Angeona haya siku nyingine. Siku hiyo alifungua bolti haraka, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza upya na kubonyeza.

Taa za juu zikawaka zote, adhuhuri ile, zikawapiga machoni.

Mzee akaubana mkongojo kwapani, akanyoosha mkono wa kushoto. Kavutha akampa kibao. Hakubonyeza. Alikigeuza nyuma, akatafuta waya unatokea wapi, hakuuona, akakiweka sikioni, kisha akaanza kuchokoa pembe yake kwa ukucha wa kidole gumba, akitaka kukifungua aone ndani. Kavutha akajua amekutana na mgonjwa mwenzake.

"Hata mimi, Mzee," alimwambia. "Lakini tukifungua, warranty inaisha."

Mzee akatoa sauti puani, na Nyakio akaapa baadaye kwamba kilikuwa kicheko. Akarudi nyuma hatua moja, akabonyeza taa zikazimika. Hatua nyingine, zikawaka. Alikuwa anapima kinafika wapi, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukagusa nguzo ya baraza. Kisha kidole kikahamia kitufe cha nne, na honi ya upepo aliyoifunga mwenyewe zamani ikalia: mbili fupi, moja ndefu.

Sasa, mitaa ile watu hawabishi hodi. Kila nyumba ina mpigo wake wa honi wa kuombea geti, na bawabu huujua kuliko anavyojua sauti ya mkewe. Nyakio hakuwahi kupiga honi ile hata siku moja. Yeye hupiga simu. Kwa hiyo Kiilu, bawabu wao kwa miaka kumi na miwili, ambaye alikuwa kwenye kibanda chake akipuliza uji, aliruka kama aliyechomwa. Alifungua geti bati zote mbili, akanyoosha mgongo, mkono kwenye kofia, akiitazama barabara tupu.

"Karibu, Mzee!" akaita. Kisha akageuka, akaliona gari liko ndani, na mkono ukabaki pale pale kwenye kofia.

Hakuna aliyemcheka. Mzee Waithaka alitazama geti lililofunguliwa kwa ajili yake. Kisha akatia kibao mfukoni, akashika mkongojo, akaanza kutembea kuelekea garini, na kwa mazoea ya miaka thelathini akaenda mlango wa dereva, akashika kitasa.

Nyakio akaitegemeza sinia kiunoni kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaukamata mkono wa Kavutha akaubana mpaka ukauma.

Mzee akakiachia kitasa. Akazunguka mbele ya gari, akiegemea boneti ambayo Kavutha alikuwa ameifunga upesi upesi, akafika mlango wa pili. Gari lile limeinuka juu sana. Alijaribu kupanda, mguu ukamgomea. Akajaribu tena. Kisha, bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono nyuma na kuuacha hapo ukisubiri.

Sinia ilitua kwenye kokoto na vikombe vyake vyote. Nyakio alimfikia, akampandisha, akamfunga mkanda, akazunguka mbio akiwa na ndara za nyumbani, akawasha gari. Walipofika getini akatoa kichwa dirishani, analia na kucheka kwa pamoja.

"Kavutha! Pigia Shiru! Mwambie..." Gari lilikuwa limeshakata kona.

Kavutha hakumjua Shiru hata kwa sura. Namba alipewa na Kiilu.

"Shiru? Unaongea na Kavutha, fundi wa umeme. Niko kwenu."

"Nini imefanyika? Ni Dad?"

"Hapana, yuko sawa, yuko sawa kabisa. Iko hivi, nilikuwa naweka kisanduku cha swichi, halafu waya ya earth ilikuwa imekaa juu ya..."

"Dada, tafadhali. Dad amefanya nini?"

Kutoka mbali kule chini barabarani honi ikalia. Mbili fupi, moja ndefu. Kavutha akainua simu juu kuelekea barabara. Ikalia tena. Akairudisha sikioni.

"Huyo si Mum," Shiru akasema.

"Si yeye."

"Mum hapigi hivyo. Usikate simu. Nataka kumsikia akirudi getini."

Kavutha akakaa kwenye jiwe kando ya Kiilu, akaishika simu mbele yake, nao wote watatu wakasubiri.