Shabaha Isiyo na Sauti

Roch Necel alizamishwa Jumanne asubuhi, ndani ya chumba kikavu chenye zulia na mashine ya kahawa, yeye na watu wake wote. Taa ziliwashwa. Mkufunzi akavua vidude vya masikioni, akasema kwa upole, "Pole, Kamanda. Helikopta imekuwahi."

Hakuna aliyecheka, kwa maana kila mtu mle ndani alimjua Roch. Alikuwa Mkashubi, mtu wa pwani, kutoka mji wa Puck, asiye na maneno mengi, mtu aliyeingia kwenye nyambizi akiwa bado na chunusi, na sasa ndiye aliyeongoza nyambizi pekee iliyobakia jeshi la majini la Poland, chombo kikuukuu kilichoshinda gatini Gdynia kikibandikwa viraka. Mpya zilikuwa zimeahidiwa miaka nenda miaka rudi. Safari hii ahadi ilielekea kuwa ya kweli, ila wakubwa walikuwa wamekwama kwenye swali moja: je, ziwe na makombora ya kupiga mbali, hadi nchi kavu kwa adui, au zitosheke na topido za kupigia meli? Ndipo kikosi cha Roch kikaalikwa ng'ambo ya Bahari ya Baltiki, kwenye kiwanda kimoja kilichotaka kuziunda, kikazijaribie silaha hizo kwenye nyambizi ya kuigiza. Na Admirali Eligiusz Pranga, aliyeishi naye chumba kimoja walipokuwa maluteni, alikwisha kumnong'oneza Roch: "Ya kwanza ni yako. Nani mwingine?"

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Makombora manne yafyatuliwe kwenye daraja la reli jirani na bandari ya adui, kabla treni za silaha hazijavuka. Roch aliipandisha nyambizi karibu na uso wa maji, milango ya mirija ya kufyatulia ikafunguliwa, na msaidizi wake, Dobrosława Wika, akatamka, "Tayari, afande."

Roch akamgeukia msikilizaji wa sona, mashine inayonasa sauti za majini. "Kuna nini?"

"Helikopta moja, afande. Bado iko mbali, lakini inakuja."

"Na kwenye shabaha?"

Yule mtu akamkodolea macho. "Shabaha iko nchi kavu, afande. Haisikiki."

Roch akainamia ramani. Kando ya daraja palikuwa na vijumba vimepangwa safu, vidogo kama punje za mchele. Akaagiza amri ihakikishwe. Ikahakikishwa. Akaagiza tena. Dobrosława akasema, "Afande," kisha akarudia kwa sauti nyingine kabisa, "Afande!" Helikopta ikafika, ikatumbukiza sikio lake majini, na habari yao ikaishia hapo.

Mchana Dobrosława alikaa kwenye kiti hicho hicho, akapewa amri hiyo hiyo. Alifyatua, akazama, akageuza mwelekeo, akatokomea. Kisha akaenda kula, na akala akashiba.

Walirudi nyumbani kwa feri. Upepo wa Februari ulikuwa unachuna ngozi, lakini wote wawili walisimama nje, kwa kuwa watu wa nyambizi hawaachi hewa ya bure ikapita.

"Niulize, afande?" Dobrosława alisema. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Unasikiliza daraja? Lina injini?"

Roch akacheka bila kutaka. "Maisha yangu yote, binti Wika, nimelenga kitu ninachokisikia. Meli inahema. Unajua imebeba mzigo au tupu, unajua pangaboi lake limepinda. Unajua ni nani huyo."

"Halafu unamtumia topido."

"Halafu, ndiyo."

"Sasa kumsikia kulimsaidia nini?"

Roch akageuka kuzitazama taa za rasi ya Hel, zilizokuwa zimeanza kuonekana. Dobrosława akaona amemchoma, akavuta kofia masikioni. "Usinielewe vibaya, afande. Zile nyumba na mimi niliziona. Niliamua nitaziwazia nikishatoka."

"Na umeziwazia?"

"Bado. Naogopa kuanza."

Nyumbani mkewe, Adela, alimtengea samaki wa siki na viazi, akamtazama akivisukuma kwa uma kutoka upande huu wa sahani hadi ule. Walikuwa wameishi pamoja muda wa kutosha. Hakuuliza safari ilikuwaje. Aliuliza, "Utamwambia Pranga?"

"Pranga anajua. Ameshasema nisilitaje."

"Na wewe?"

"Nikilitaja, nyambizi nimeikosa."

Adela akamwongezea viazi ambavyo hakuvitaka. "Mimi siku zote nilikuwa nagombana na hicho chombo chako. Siwezi kukulilia kwamba umekosa kingine. Lakini nakujua, Roch. Ukinyamaza, utaninyamazia na mimi mwaka mzima."

Kikao cha kamati ya kuchagua nyambizi kiliitishwa Warsaw siku ya Alhamisi ya Unono, siku ya kujishibisha vitamu kabla ya Kwaresima, kwa hiyo katikati ya meza palikuwa na kilima cha maandazi ya jemu, na sukari ya unga ilikuwa imeshanyunyizika kwenye nishani za Admirali Pranga. Mwenyekiti, mwanamke wa wizarani aliyejua kuuliza, alimgeukia Roch. "Kamanda, tuambie kwa lugha ya mtaani. Tunayahitaji makombora haya au hatuyahitaji?"

Pranga alitabasamu.

"Tunayahitaji, mheshimiwa," Roch alisema. "Ukiwa na topido tu, adui anachunga meli zake. Ukiwa na kombora, itabidi achunge kila daraja na kila ghala lililoko nyuma yake, na wewe huonekani uliko. Anakosa usingizi hata siku ambayo umelala kwako. Lakini kila kombora linakaa mahali pa topido. Ukilifyatua umeshajitangaza, inabidi ukimbie. Na tukingoja chombo chenye kila kitu, mabaharia wangu watastaafu mmoja mmoja, tubaki na makombora bila watu. Chukueni kinachoweza kuundwa mapema, mradi mirija yake iweze kupokea makombora hapo baadaye."

"Asante. Umeeleweka," Pranga alidakia upesi.

"Sijamaliza, Admirali." Roch akamgeukia tena mwenyekiti. "Mimi nimejaribiwa na nimeshindwa. Niliagizwa nifyatue, nikachelewa, nikawaua watu wangu wote kwenye mashine. Msaidizi wangu alifaulu. Mkichagua silaha bila kuchagua mtu wa kuishika, mmechagua nusu."

Mtu mmoja aliyekuwa ameng'ata andazi hakujua alitafune au alirudishe.

Ukumbini Pranga alimshika mkono kwa nguvu. "Nani alikuuliza? We mzee, nani alikuuliza habari ya mashine?"

"Hakuna."

"Nilikuwa nimekuwekea! Watasema mabaharia wetu wanasitasita!"

"Mmoja alisitasita, Eligiusz. Afadhali walisikie kutoka kwangu."

Pranga akamwachia, akajipangusa sukari kifuani kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akaondoka. Hawakuongea tena mpaka majira ya joto.

Mapendekezo ya kamati yalipotoka yalikaribiana na maneno ya Roch: vyombo vya mapema, makombora baadaye. Jina lake halikuwamo miongoni mwa watakaopelekwa kujifunza chombo kipya. La Dobrosława lilikuwamo. Roch alikwenda ufukweni Oksywie, kando ya Gdynia, akatembea mpaka miguu ikamuuma, na alipofika nyumbani alimwambia Adela, "Nimeumia," naye Adela akasema, "Najua," wakakaa.

Walimpa darasa la kufundishia makamanda. Hapo akaweka desturi yake mwenyewe, ambayo wengine waliiona ya kizee. Kabla ya zoezi la kombora kila mwanafunzi aliwekewa picha ya mahali atakapopapiga, aitazame mpaka atosheke, ndipo aingie.

"Unawapotezea muda, afande," Dobrosława alimwambia siku aliyokuja kujinoa kabla ya safari.

"Waupoteze hapa. Mle ndani hawatakuwa nao."

Akasukumiwa picha yake: kiungo cha reli, ghala, uchochoro wenye nyumba. Alitaka kuipitisha macho tu, lakini akavuta kiti. Akainama, akaisogeza dirishani penye mwanga.

"Hawa wameanika nguo kwenye baridi hii?"

"Baridi inakausha pia."

Dobrosława akaendelea kutazama. Kisha akaigeuza picha kifudifudi mezani, akafunga vifungo vya koti, akaingia chumba cha zoezi. Safari hii hakula mchana ule. Lakini alifyatua, na kwa wakati.