Mabega ya Latika

Blauzi ya sari iligoma mabegani. Marcelline alivuta, Roshni akabana pumzi, uzi ukalia tak! Wote wawili wakaganda.

"Shusha mikono taratibu, dada," Marcelline alisema. "Ukipiga chafya tumekwisha."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Fordsburg, kusini kabisa mwa Afrika, mwaka 2017. Saa tano Roshni alitakiwa kusimama ukumbini, mtaa wa pili, asome hadithi ya kwanza aliyowahi kuchapisha. Asome akiwa ndani ya sari, mbele ya Shangazi Hansa, aliyemlea Mwanza na kumjua kwa suruali na jina la kiume tu. Mwaliko alioutuma, shangazi alikuwa ameujibu kwa neno moja: Nitakuja. Roshni hakujua kama hiyo ni ahadi au tishio.

Marcelline, fundi kutoka Bukavu, hakuwa na desturi ya kukosea. Akafungua simu. "Uliniandikia bega thelathini na nne, kiuno sitini. Nimeshona hivyo hivyo. Ni nani alikupima?"

Roshni akatazama sakafu. "Ni vipimo vya Latika."

"Latika ni nani?"

"Wa kwenye hadithi yangu."

Marcelline akakaa juu ya majora ya vitambaa. Aliwahi kuletewa vipimo vya bibi harusi kabla hajanenepa, hata vya mchungaji aliyeahidi kufunga siku arobaini. Vya mtu asiyekuwepo, bado.

"Mafundi wengine wana daftari mbili, ya wanaume na ya wanawake," Roshni alisema. "Nikija, kalamu inabaki hewani, wanaitana waje kuniangalia. Nikaona bora nitume namba. Za Latika nazijua kwa kichwa."

"Na kwa nini Latika mwenyewe hana mabega?"

"Jamani, Mama Gaël! Kila kitabu chetu cha Kihindi nilichosoma, mwanamke wa kupendwa kiuno chake kinapita kwenye bangili. Wanawake wakipendana wao kwa wao, wote wawili wembamba, wanalia dirishani. Mtu kama mimi akitokea anapewa mikono mikubwa, apige makofi harusini kuomba hela, watu wacheke, ukurasa unaofuata hayupo. Nikasema wangu atapendwa. Basi nikampunguza."

Hapo hasira ya Marcelline ikaamka, nayo haikuwahi kulala sana. Mwaka 2011 karani mmoja nyuma ya kioo alimtazama, mimba ya miezi minane imefika kaunta kabla yake, akaandika kwenye kibali chake cha ukimbizi: mwanaume. Tai yake ilikuwa ya bluu, ina doa la mchuzi. Marcelline angeitambua hata leo.

"Mimi nilimzaa Gaël nikiwa mwanaume wa serikali," alisema. "Miaka minne kibali kikisema hivyo! Lakini kalamu ilikuwa ya yule mjinga. Wewe kalamu ni yako, na bado unajifanyia vile vile? Simama hapa."

Akampima kwa sauti, bila kumhurumia hata sentimita moja. Bega arobaini na sita. Kifua mia na nne. Kiuno tisini na mbili. Akaandika kwenye karatasi, akampa. Kisha akaipasua blauzi mgongoni, Roshni akipiga kelele kama anayechinjwa, akaziba pengo kwa kitenge cha kuku wa njano, maana ndicho kilichokuwa karibu.

"Kuku, Mama Gaël?"

"Sari itawafunika ukisimama wima. Ukijikunja kwa aibu, wanatoka."

Ukumbini Roshni alisoma wima kama mlingoti. Alipofika kwenye kiuno cha Latika, akainua macho. Shangazi Hansa alikuwa mstari wa mbele, mkoba magotini. Marcelline alikuwa nyuma, karibu na sambusa. Roshni akachomoa ile karatasi.

"Latika alikuwa na bega la sentimita arobaini na sita," akasoma, "na kiuno cha tisini na mbili, na aliyempenda alizipenda zote."

Shangazi akasimama. Kiswahili chake cha Mwanza kikafika mpaka kwenye sambusa.

"Mabega hayo ni ya marehemu kaka yangu, baba yako! Hata mimi ninayo, mwanangu. Ukoo wetu wote tunapita mlangoni kwa ubavu."

Roshni akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajikunja, sari ikateleza, kuku wakatoka wote.

Shangazi akavaa miwani. "Nani kashona hii?"

Marcelline aliutafuta mlango kwa macho, ukawa mbali. "Mimi, mama."

"Kesho nakuja unipime," shangazi alisema, akishusha sauti. "Tangu niolewe nawapa mafundi vipimo vya wifi yangu."